Gemu kwenye skrini ya kibanda umiza: watu watalipa kuangalia?

SWALI: Nina kibanda cha kuonyeshea mpira hapa Mwanga, Kigoma, mabenchi ya watu kama 80, na chumba cha pembeni chenye PlayStation 4 tatu. Kila jioni wakicheza vijana wawili, kumi wanasimama nyuma yao wakishangilia bila kutoa hata shilingi. Kijana wangu wa zamu ananiambia Korea gemu zinaonyeshwa kwenye televisheni kama mpira na viwanja vinajaa. Ni kweli gemu inatazamika, au ni ushabiki wa watoto tu? Nikiiweka kwenye projekta na kutoza kiingilio, watu watakuja?

JIBU: Watakuja, kwa gemu za aina fulani na kwa siku fulani, na iwapo aliyekaa benchi la nyuma anamjua anayecheza. Ukichomeka waya kwenye projekta na kukaa mlangoni na kopo lako la kiingilio, utawapata mara ya kwanza. Mara ya pili utabaki na wale kumi wako wa kila jioni, safari hii wakiwa wamenuna kwa sababu umewatoza kitu walichokuwa wakikipata bure.

Kijana wako hakukudanganya kuhusu Korea Kusini. Kituo cha Ongamenet kilianza mwaka 2000, kazi yake ikiwa kuonyesha gemu tu, na nguzo yake ilikuwa StarCraft, gemu ya vita iliyotoka mwaka 1998. Mwaka 2004 fainali ya ligi ya timu ilichezwa ufukweni Gwangalli, mjini Busan, na hesabu iliyotangazwa ilikuwa watu wapatao 100,000. Ila angalia kilichotangulia. Kabla ya televisheni, miji ya Korea ilikuwa imejaa vibanda vya kompyuta, wenyewe wanaviita PC bang, ambako kijana alilipa kwa saa na kucheza StarCraft na wenzake. Televisheni ilipofika ilikuta watazamaji wameshafundwa. Kila aliyeketi mbele ya skrini alikuwa amewahi kupigwa kwa mbinu ileile anayoiona ikitumika, na alikuwa na mtu wake wa kumshangilia: Lim Yo-hwan, aliyejulikana kwa jina la BoxeR, alifuatwa na mashabiki kama mwanamuziki. Chumba chako cha pembeni ndicho PC bang yako. Wale kumi wanaosimama bure usiwafukuze. Ndio mbegu.

Wamarekani walianzia upande wa pili, televisheni kwanza na watazamaji baadaye, wakaumia. Kampuni ya televisheni ya DirecTV ilianzisha ligi ya gemu, Championship Gaming Series, mwaka 2007. Pambano moja lilichanganya gemu ya bunduki, ya mpira, ya ngumi na ya magari, kisha alama zikajumlishwa. Aliyefuata bunduki alilazimika kuvumilia magari, na wa magari akavumilia ngumi. Mwaka 2008 ilifungwa. Overwatch League, ligi ya gemu ya bunduki iitwayo Overwatch, ilianza 2018, na fainali zake za kwanza zilifika hadi ESPN, televisheni ya michezo. Kufikia 2023 ligi yenyewe ilikuwa imekwisha. Humo kulikuwa na wachezaji sita kwa sita, kila mmoja akiona kwa macho yake, na kamera ikiruka kutoka kichwa hiki hadi kile huku rangi zikilipuka kila kona. Asiyecheza Overwatch aliona fataki.

Pita kwenye kijiwe chochote cha drafti pale Ujiji utaona kisa hichohicho kwa gharama ya vizibo vya soda. Anayejua drafti atasimama saa nzima, tena atamtukana mchezaji kimoyomoyo kwa kete aliyoiacha. Asiyejua anaona vizibo juu ya ubao na kupita zake. Mpira umebarikiwa kwa kuwa hata bibi ambaye hajawahi kuugusa anajua kwamba ukiingia wavuni kuna wanaolia na wanaocheka. Gemu nyingi ziko upande wa drafti. Chache ziko upande wa mpira, na hizo ndizo zako.

Kabla ya kuamua uonyeshe ipi, ipime hivi. Zima sauti, mwite mtu asiyecheza gemu, mwonyeshe sekunde 10 tu, kisha muulize maswali matatu: nani ni nani, nani anaongoza, na hatari iko wapi. Gemu ya mpira inajibu yote. Gemu za kupigana ngumi za mmoja kwa mmoja zinajibu vizuri hata zaidi, kwa sababu kila mmoja ana mstari wa uhai juu ya skrini unaofupika kila akipigwa, na raundi ni fupi. Ndiyo maana ESPN2 iliweza kuirusha fainali ya Street Fighter V ya mashindano ya Evo mwaka 2016 bila kuanza kuwafundisha watu. Mbio za magari zinajibu mradi magari yasizidi machache. Counter-Strike, gemu ya bunduki, inajibu nusu: watano kwa watano, bomu likitegwa sekunde 40 zinaanza kuhesabika na moyo unadunda, ila mgeni haelewi kwa nini dakika nzima iliyotangulia watu walikuwa wamejibanza tu. Dota 2 na League of Legends, gemu za vita vya timu mbili, zina watazamaji wengi mno duniani, karibu wote wachezaji wenyewe, nao wako kwenye intaneti ambako hakuna ratiba inayobana. Mechi ya Dota inaweza kuisha kwa dakika 25 au ikavuka saa nzima. Televisheni haiwezi kuishi hivyo, wala kibanda ambacho mechi ya Uingereza ya saa 11 jioni haimsubiri mtu.

Kwa hiyo chukua mpira. Vijana wanaita FIFA mpaka leo, ingawa tangu mwaka 2023 jina ni EA Sports FC, na PES nayo imekuwa eFootball tangu 2021. Toleo la zamani halina shida kwa mtazamaji. Shida ni moja: kama anataka kuona mpira, kwa nini asione mpira wenyewe?

Jibu la swali hilo lilipatikana Marekani mwaka 2020. Mbio za magari za NASCAR ziliposimama kwa sababu ya korona, madereva wenyewe walikaa nyumbani wakashindana kwenye gemu ya iRacing, na mbio za kwanza, tarehe 22 Machi, zilitazamwa na watu wapatao 903,000 kwenye kituo cha FS1. Waliokuwa kwenye skrini walikuwa madereva ambao watu walishawajua, na shindano halisi halikuwapo. Mwezi Mei magari ya kweli yaliporudi barabarani, mfululizo ule uliwekwa kando. Kwako maana yake ni hii: usithubutu kuweka gemu Jumamosi jioni. Mechi za saa 9 alasiri za Uingereza zinafika kwetu saa 11 jioni wakati wa kiangazi chao, na saa 12 jioni wakati wa baridi wanaporudisha saa zao nyuma. Muda huo ni wa mpira. Siku zako ni za wiki ambazo ligi zinasimama kupisha timu za taifa, kipindi cha Juni na Julai ligi zikiwa zimefungwa, na Jumapili asubuhi. Siku ambayo Mashujaa wako nyumbani Uwanja wa Lake Tanganyika, funga kabisa.

Na madereva wako wanaojulikana ni nani? Ni vijana wa mitaa. Usitangaze "mashindano ya gemu". Andika kwenye ubao wako wa mechi, siku tatu kabla, majina ya wachezaji na walikotoka: wa Ujiji dhidi ya wa Mwanga, wa Gungu dhidi ya wa Kibirizi. Simba na Yanga usizitegemee kuwamo kwenye menyu ya gemu, na wala huzihitaji, kwa sababu ushindani umeshaupata mtaani. Kila mchezaji aje na timu aliyoitaja mapema na asiibadilishe hadi fainali, ili mtazamaji awe na jezi moja ya kumfuata. Kama wote wanataka Real Madrid, piga kura ya vikaratasi.

Sasa vifaa, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mchezaji asicheze akitazama projekta. Projekta nyingi za ofisini huchelewesha picha kati ya milisekunde 50 na 100, yaani fremu tatu hadi sita, na mchezaji atabonyeza kukaba mpira ukiwa umeshapita. Atalaumu pedi, atalaumu mwenye banda, na mashindano yatageuka ugomvi. Mpe televisheni ya kawaida ya inchi 32, ukiiweka kwenye hali ya gemu katika menyu ya picha, na hadhira ipate projekta. Kuigawa picha unahitaji kigawanyaji cha HDMI cha kuingia moja na kutoka mbili, chenye umeme wake. Angalia dukani usipewe swichi, ambayo kazi yake ni kinyume, inaingiza mbili na kutoa moja. Maboksi yake yanafanana. Ule waya wenye umbo la Y usiokuwa na umeme achana nao. Waya wa kwenda kwenye projekta usizidi mita 10, la sivyo picha itakatika-katika. Kwenye PlayStation zima HDR (mpangilio wa kung'arisha rangi), vinginevyo rangi zitapauka upande mmoja. Na kama projekta yako ni ya ubora wa picha wa 720, televisheni nayo itashuka hadi 720; usidhani imeharibika.

Ukitaka kuweka sura za wachezaji na majina juu ya picha, jambo ninalokushauri sana, kigawanyaji kinapeleka picha ya pili kwenye kifaa cha kunasa video, kile kidogo cha kuchomeka USB, kisha kwenye laptopu yenye programu ya kuchanganya picha, OBS Studio, ambayo ni ya bure, na laptopu ndiyo inayolisha projekta. Ukiona skrini nyeusi kwenye OBS, usirudishe kifaa dukani kwanza. Ingia kwenye mipangilio ya mfumo ya PlayStation, uzime HDCP, ile kinga ya kuzuia picha isinakiliwe. Simu moja kwenye stendi ielekezwe kwenye nyuso za wachezaji wote wawili, na picha yake iwekwe pembe ya juu kulia ya skrini. Juu kushoto pana matokeo, chini katikati pana ramani ya uwanja, chini kwenye pembe mbili pana majina ya wanasoka wanaoongozwa na kila upande. Ukiziba mojawapo umempofusha mtazamaji. Uso una uzito wake. Katika mpira wa kweli mwili wa mchezaji unasema kila kitu, lakini ndani ya gemu mwanasoka wa kompyuta hatetemeki kabla ya penalti. Anayetetemeka yuko kwenye kiti, na watu wamelipa kumwona yeye.

Pedi zote ziwe za waya. Kwenye PS4 kuchomeka tu hakutoshi, waya unachaji huku pedi ikiendelea kutumia Bluetooth. Ingia kwenye mipangilio ya vifaa, kwenye pedi, uchague mawasiliano kwa waya wa USB. Jaribu kila pedi kabla: acha analogi bila kuigusa, mchezaji akitembea mwenyewe, hiyo pedi ni ya mazoezi. Ruhusu mchezaji kuleta yake.

Umeme. Projekta ya taa inakula wati 250 hadi 300, PS4 ya kwanza karibu 150 na ile nyembamba chini ya 100, televisheni 50 hadi 60, laptopu 65, spika na amplifaya tuseme 100. Jumla ni kati ya 550 na 700. Jenereta ndogo zile zinazoandikwa 950 hutoa kama 650 kwa mfululizo, kwa hiyo itakuwa inapumulia mashine. Tafuta ya kilowati moja na nusu na kuendelea, ikae nje, mbali na dirisha, kwa ajili ya moshi. UPS (betri ya akiba) ya VA 650 ifunge PlayStation na televisheni ya wachezaji tu. Itazishika dakika chache, zinatosha kuvuta kamba ya jenereta, na mechi haitapotea. Kanuni iandikwe ukutani kabla ya kuanza: umeme ukikatika na mechi ikapotea, matokeo yanabaki, inachezwa mpya kwa dakika zilizosalia, magoli yanajumlishwa. Usipoiandika, siku hiyo utaamua wewe, na nusu ya banda itasema umenunuliwa.

Sauti ndiyo inayouza kuliko picha. Kwenye mipangilio ya sauti ya gemu, shusha utangazaji wa Kiingereza hadi sifuri, acha kelele za uwanja. Weka watangazaji wawili wa kwako wenye mikrofoni moja moja, na sauti ya gemu iwe theluthi ya sauti yao. Mmoja anafuata mpira, mwenye kasi na maneno ya mtaani. Wa pili awe mchezaji mzuri aliyetolewa mapema, na kazi yake ni kumfunulia mtazamaji kinachofanyika vidoleni. Ndicho kitu pekee ambacho gemu inacho na mpira hauna. Mtu anaona beki amesimama mbele ya mshambuliaji, basi. Mtangazaji wa pili amwambie kwamba kijana anashikilia kitufe cha L2 kurudi nyuma taratibu bila kuvamia, anasubiri mwenzake apige mguso mrefu. Amwambie shuti lililopinda kwenda pembeni lilikuwa vitufe vya R1 na duara kwa pamoja, na kwamba lingekuwa duara peke yake kipa angelidaka. Amwambie kwamba huyu wa Gungu ameshindwa mara tatu kubadili mchezaji kwa wakati, na mwenzake ameshaliona pengo hilo. Baada ya mechi mbili, hata aliyekuja kumsindikiza mdogo wake anaanza kuona. Kuna wa kupayuka tu "goooo!" kila dakika, huyo mlipe soda aende.

Ratiba. Nusu ya mechi iwe dakika 4 kwenye hatua za mwanzo. Pamoja na majeruhi na marudio ya magoli, mechi inakula kama dakika 12, ongeza tatu za kubadilishana viti, inakuwa robo saa. Wachezaji 16 ni mechi 15, karibu saa nne, na hakuna binadamu atakayekaa kwenye benchi lako saa nne. Kwa hiyo mechi 8 za kwanza zichezwe asubuhi chumba cha pembeni kwenye mashine mbili, saa moja zimekwisha. Robo fainali nne ziweke kwenye projekta, mlango wazi, bila kiingilio. Hiyo ndiyo karabai yako, dagaa hawaji gizani. Kisha toa mapumziko ya dakika 20, fagia banda, anza kutoza. Unachouza ni nusu fainali mbili na fainali tu, nusu zikiwa za dakika 6, na fainali ichezwe hadi mmoja ashinde mara mbili. Nusu fainali mbili ni dakika 40, fainali ni dakika 40 hadi 60. Inakaribia urefu wa mechi ya mpira pamoja na mapumziko yake, na mwili wa mteja wako umeshazoea kipimo hicho. Kusimamisha mchezo kuruhusiwe mpira ukiwa nje tu. Anayesimamisha mwenzake akiwa anakwenda golini, goli linahesabiwa. Wakataze kurukaruka kwenye menyu ya vikosi zaidi ya dakika moja, maana hapo ndipo watu husimama kwenda kununua karanga na wasirudi.

Kiingilio, nisingepita jero kwa mara tatu za mwanzo. Watu 50 kwa shilingi 500 ni 25,000, toa petroli, zawadi na watangazaji, kinachobaki ni kidogo. Vinywaji na saa za kucheza zinazouzwa siku inayofuata ndizo zinazorudisha hela, kwa sababu kila aliyetazama anataka kujaribu lile shuti la R1. Zawadi iwe kiasi kilichotajwa kabla, kutoka mfukoni mwako. Usikusanye dau la wachezaji ukampa mshindi, na usiruhusu watu kuwekeana pesa mabenchini: hapo umeingia kwenye eneo la Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na watoto wakiwamo ndani huna pa kujitetea. Pita kwa afisa utamaduni wa halmashauri umwonyeshe unachotaka kufanya. Gemu za bunduki zenye alama ya 18 zisionekane kwenye projekta mchana.

Kurusha mtandaoni kusubiri. Picha ya 720 inataka kupandisha megabiti 3 kwa sekunde bila kuyumba, na saa moja inakula kama GB 1.4, chaneli ya kudumu ina masuala ya kuulizia TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kuna jambo jingine ambalo mpira hauna: mpira si mali ya mtu, lakini gemu ni mali ya kampuni, nayo ina masharti yake kuhusu mashindano yenye kiingilio na matangazo. Hata Korea, Blizzard, kampuni yenye StarCraft, na waandaaji wa mashindano yake walivutana kwa miaka juu ya nani ana haki ya kuonyesha. Soma masharti ya gemu yako kwenye tovuti ya kampuni kabla ya kutafuta mdhamini.

Anza bila kununua kitu zaidi ya kigawanyaji na waya. Fanya mashindano matatu, na kila mara hesabu watu mara mbili: nusu fainali ya kwanza ikianza, na dakika tano baada ya aliyetoka mtaa wenye watu wengi bandani kutolewa. Ile hesabu ya pili ndiyo ya kutazama. Ikishuka chini ya nusu, unao mashabiki wa mtu na bado huna mashabiki wa mchezo. Rudi kwa mtangazaji wako wa pili umrekebishe yeye kabla ya kugusa kingine. Ikibaki juu ya theluthi mbili kwa mara zote tatu, hapo nunua kifaa cha kunasa video.